Mambo Yanayopelekwa Bustanini

Katika ploti yetu ya Silanga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kulikuwa na sheria moja ambayo kila mpangaji aliifuata ingawa mwenye ploti hakuwahi kuitaja: kusikia si kuambiwa. Vyumba vilikuwa vimepangwa pande mbili, milango ikitazamana, na katikati palikuwa na mfereji na kijia cha kupitisha mtu mmoja na ndoo yake. Nje kuta zilikuwa za udongo, lakini chumba na chumba vilitenganishwa na mabati matupu. Jirani akipiga chafya, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Akifunua sufuria, unajua ni maharagwe, na unajua pia kwamba hayajaiva. Watu wanaoishi hivyo wasipojiwekea adabu watamalizana.

Adabu yetu basi ilikuwa hiyo. Lolote lililokufikia kupitia mabati, hukulijua. Ungelijua siku ambayo mwenyewe angekuja akasimama mlangoni pako akakuambia. Kabla ya hapo, hata kama ulimsikia mume wa mtu akieleza jinsi alivyofutwa kazi, akilia na kupewa chai, asubuhi ungemwuliza, "Kazi inaendaje?" na uso wako ukiwa mkavu kabisa. Bingwa wa mchezo huo alikuwa Mama Mandazi, mwanamke wa Busia aliyekaanga mandazi katika mlango uliotazamana na wetu. Huyo angeweza kuisikia habari wiki nzima, akala nayo na kulala nayo, halafu siku akiambiwa rasmi, anashika kifua na kusema, "Wacha! Lini?" Mpaka wewe mwenyewe unaanza kudhani kwamba kweli hakujua.

Lakini kuna mambo ambayo hata kwa adabu hiyo huwezi kuyasemea ndani. Hayo tulikuwa tunayapeleka bustanini.

Bustani ilikuwa ng'ambo ya bwawa. Unashuka kwa wauza makaa, unapita kwenye vishamba vya sukuma na nduma vilivyo kando ya bwawa, ambalo lenyewe lilikuwa limefunikwa na magugu mpaka mgeni angefikiri ni uwanja wa mpira, unavuka barabara ya Lang'ata, na hapo unaingia Uhuru Gardens. Sisi tuliiita bustani tu. Hiyo ni kabla haijafungwa ili ijengwe upya. Palikuwa na nyasi na miti mikubwa, na mnara mrefu wenye mikono iliyoshikana na njiwa juu yake, kwa sababu pale ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa mara ya kwanza. Watoto wa shule waliletwa kwa mabasi kuambiwa hivyo. Anti yangu naye alikuwa na maelezo yake: nchi nzima ilipokuwa na neno zito la kusema ilikwenda kulisemea pale, sembuse sisi wa Silanga.

Basi ukimwona mtu wa ploti amevaa viatu vya Jumapili siku ya Jumatano na anashuka kuelekea bwawani na mwenzake, unajua kuna jambo. Watu walichumbiana pale na kuachana pale. Walikwenda kuomba, wakitembea peke yao huku na huku chini ya miti wakimfokea shetani, na hakuna aliyewashangaa. Kijana wa bodaboda aliyeishi chumba cha mwisho alikwenda kumwambia msichana wake kwamba pikipiki ile haikuwa yake, akarudi peke yake. Mimi mwenyewe nilimwacha mwanamume mmoja pale, karibu kabisa na mnara, na njiani nikanunua mahindi ya kuchoma nikarudi nikitafuna. Sijawahi kula mahindi matamu kama yale.

Nilikuwa fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa karibu na mlango nipate mwanga, na kazi yangu kubwa ilikuwa sare za shule. Niliishi na Anti, dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na Anti akapanda basi kutoka Nairobi mpaka Kitui, akanizoa, akarudi na mimi Kawangware, alikokuwa akiuza muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa, na ndengu kwa vibarua wa mjengo. Nimekulia Kawangware, chini ya meza ya ndengu. Kule hatukuwa na bustani. Mtu akitaka kulia kidogo alikuwa anakwenda kupanga foleni ya maji, maana pale ukiinama juu ya mtungi hakuna anayekuangalia. Tulihamia Silanga nilipopata cherehani, kwa sababu chumba kilikuwa na nafasi ya kuiweka na Anti aliona kishamba karibu na bwawa akakipenda. Tulikuwa na kitanda kimoja, pazia moja na kabati moja. Sikuwahi kulala chumba ambacho Anti hayumo.

Nayaeleza hayo ili mtu aelewe ni kwa nini nilipandwa na hasira fundi wa mbao alipoanza kuzungumza na Anti.

Fundi alikuwa jirani wa ukuta. Mjane, mtu wa Kakamega, mrefu, mpole, mwenye ndevu ambazo daima zilikuwa na vumbi la mbao. Vitanda vyake alivipigilia misumari kule barabarani, lakini kazi ya kupiga randa na msasa aliifanya chumbani mwake, alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukikutana naye kwenye kijia alikuwa anabana mgongo ukutani ili upite, anatazama viatu vyako na kusema, "Habari, mama," basi. Tuliishi naye karibu mwaka mzima bila kumsikia akimaliza sentensi.

Asubuhi moja alianza na randa mapema kupita kiasi. Anti alichukua mwiko akaupiga kwenye mabati.

"Wewe fundi! Si ungoje jua itoke!"

Randa ikanyamaza. Halafu kutoka upande wa pili ikaja sauti nzito, tulivu, ambayo hatukuijua. "Pole, mama. Ni kitanda ya mtu anaoa Jumamosi. Nikichelewa, watalala chini."

Anti akafikiri. "Basi piga pole pole."

Jumatatu iliyofuata, Anti akiwa anachambua ndengu, akageuza kichwa kidogo upande wa mabati. "Fundi. Ile kitanda ilifika?"

"Ilifika, mama. Lakini mlango ya bwana harusi ilikuwa ndogo. Tulitoa dirisha."

Anti alicheka mpaka ndengu zikamwagika. Na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kila asubuhi, yeye na sinia lake la ndengu upande huu, Fundi na msasa wake upande ule, migongo yao ikigusa bati lile lile, walikuwa wakiongea. Yule mtu ambaye kwenye kijia hakuweza kumaliza salamu, nyuma ya mabati alikuwa msimulizi. Alisimulia juu ya mto wa kwao, juu ya mkewe aliyefariki na jinsi alivyopenda kuimba vibaya, juu ya mbao: ipi inapasuka ukiiharakisha, ipi inanukia ukiikata. Anti naye alimweleza mambo ya Kitui ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Wakikutana mlangoni baadaye, kimya. "Habari, mama." "Nzuri, fundi." Utadhani hawajaonana mwezi.

Mimi nilikuwa pale pale, kwenye cherehani, umbali wa mkono. Kwa sheria yetu nilikuwa sisikii. Basi nikawa nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, au nauliza kwa sauti chumvi iko wapi. Anti alinijua. "Chumvi iko mahali imekuwa tangu tuhamie," alikuwa akisema, na kuendelea na maongezi yake. Nilikasirika. Kila nilipomsikia akicheka cheko lile la msichana, nilikuwa naona chumba kitupu, kitanda kipana, na Anti ameketi ndani ya basi la Kakamega na mizigo yake. Nilimwona Fundi kama mwizi anayeiba polepole, kwa heshima.

Halafu siku moja Fundi alimuuliza, "Mama, na wewe haukuwahi kuolewa?"

Nilikuwa na pini mdomoni na shati la mtoto mkononi. Nikasimamisha mguu.

"Nilikuwa niolewe," Anti akasema. "Kawangware. Alikuwa mtu wa Machakos, anafanya kazi ya kampuni. Alikuwa ashaongea na kaka yangu, mbuzi zilikuwa karibu kutoka. Halafu akasema huyu mtoto arudishwe Kitui kwa nyanya yake, yeye hawezi anza maisha na mtoto wa wenyewe."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mbuzi azikule mwenyewe."

Fundi hakucheka. Anti akaendelea kuchambua ndengu zake, akitupa vijiwe kwenye kopo, kimoja baada ya kingine. Mimi niliinama juu ya shati nikashona mfuko upande usio wake. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba Anti hakuolewa kwa sababu ya mdomo wake, na nilikuwa nimemtania hivyo mbele za watu. Sasa nilikuwa nimesikia, lakini sikuwa nimeambiwa. Singeweza kumuuliza. Niliteseka na jambo hilo kwa siku kadhaa, nikimwangalia akikanda unga, akifunga leso, akijikuna mguu, na nilikuwa nataka kumshika na sikujua nianzie wapi. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho nilikijua wazi: hofu yangu iligeuka upande. Kabla ya hapo niliogopa atakubali. Sasa niliogopa atakataa, mara ya pili, na tena kwa sababu yangu.

Alhamisi ya wiki hiyo Fundi alibisha mlangoni petu. Mlangoni kabisa, mchana, amevaa shati safi. Alitazama viatu vya Anti akasema maneno yote kwa pumzi moja: "Mama Jumapili baada ya kanisa ningetaka tutembee bustanini."

Kwa kuwa yalisemwa mlangoni, ploti yote ilikuwa imeambiwa. Mama Mandazi aliacha mafuta jikoni akaja akishika kifua. "Wacha! Bustani?" Kijana wa bodaboda alitoa kichwa kwenye dirisha lake. "Anti! Niaje hiyo form ya Jumapili? Mzee ametoa lock, amefunguka!" Anti akamwambia akafue soksi zake, ambazo tulizinusa kuliko tulivyomsikia mwenyewe. Lakini niliona alivyoingia ndani akasimama mbele ya kabati akatoa magauni yake yote, akayarudisha yote.

Jumapili nilimpigia pasi gauni la buluu. Nilipunguza kiuno kidogo bila kumwambia, na alipolivaa alijitazama, kisha akanitazama. Wakaondoka, Fundi mbele na Anti nyuma hatua mbili, kama watu wasiojuana ambao kwa bahati wanaenda njia moja.

Hawajafika bwawani, Mama Mandazi alikumbuka kwamba ni muda mrefu hajaiona bustani. Kijana wa bodaboda akakumbuka hivyo hivyo. Mimi sikuhitaji kukumbuka, nilikuwa nishavaa viatu. Tulijaza mandazi kwenye mfuko tukashuka, na tulipofika tukakaa kwenye nyasi mbali kidogo, nyuma ya familia moja iliyokuwa na keki.

Jumapili bustani ilikuwa imejaa. Watoto walikuwa wakibiringika, kwaya fulani ilikuwa ikipiga picha, na kila mti ulikuwa na wawili wake. Anti na Fundi walikuwa wameketi chini ya mti mmoja, kati yao nafasi ya mtu mzima na mkoba wake. Tulingoja. Sisi tuliozoea kusikia kila kitu hatukusikia hata kimoja, na Mama Mandazi alilalamika kwamba hii bustani imetengenezwa vibaya.

"Anaongea?" aliuliza.

"Ameguza kofia," nikamjibu.

"Na sasa?"

"Ameitoa."

Ikapita saa nzima hivyo. Fundi alifungua mdomo, akautazama mnara, akaufunga. Mpiga picha mmoja aliwasogelea, wakasimama wakapigwa picha, wamenyooka kama wanajeshi, wakaketi tena. Hatimaye tulimwona Fundi akiinuka, akauendea mti, akaugonga kwa ngumi yake na kuweka sikio. Akamwambia Anti kitu. Mlinzi akaja akamwambia Fundi kitu pia, akionyesha mti kwa rungu, na Fundi akaondoa mkono haraka. Kisha wakainuka kwenda nyumbani, na sisi ikabidi tukimbie kupitia njia ya wauza makaa ili tuwatangulie.

Anti aliingia, akavua viatu, akakaa kitandani.

"Imekuwaje?" nikauliza, nikihema.

"Ameniambia ule mti unaweza toa vitanda ngapi."

"Basi?"

"Na ya kwamba ikikatwa vibaya inapasuka." Alijaribu kucheka, lakini hakufika mwisho wa cheko. Alivua gauni la buluu, akalikunja vizuri sana, akaliweka chini kabisa ya mengine. Nilitaka kwenda kumpiga Fundi kwa rungu la yule mlinzi. Mwanamke amengoja miaka yote hii, anapelekwa mahali nchi ilipotangaziwa uhuru, anaambiwa habari za mbao!

Jumatatu asubuhi randa haikulia. Anti alichukua sinia lake akakaa mahali pake, mgongo kwenye bati, kwa mazoea tu nadhani, maana mikono yake ilikuwa haichambui. Mimi nilikaa kwenye cherehani, pini mdomoni, nikikata nyuzi zisizohitaji kukatwa. Ng'ambo ya kijia mafuta ya Mama Mandazi yalikuwa yakilia, na redio ya kijana ilikuwa ikitangaza msongamano wa magari.

"Mama," sauti ikasema nyuma ya bati.

"Nini."

"Jana nilishindwa."

"Niliona."

"Pale kuna hewa mingi sana. Na nikikuangalia, maneno inaniruka."

Anti akaweka sinia chini. "Kwani saa hii unaniangalia?"

"Hapana."

"Basi sema."

Redio ya kijana ikapunguzwa. Mafuta ya Mama Mandazi yakaacha kulia, maana yake alikuwa ameepua karai motoni, jambo ambalo hakulifanya hata siku moto wa kweli ulipozuka mtaani. Ploti nzima ilikuwa imetulia hivi kwamba nilisikia kuku akitembea juu ya paa.

"Nataka tukae pamoja," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ile nzito, ile tulivu ya asubuhi. "Si hivi hivi. Twende kwa mchungaji, tuandikwe, watu waone. Mimi si kijana na siwezi kukudanganya ati nina kitu. Lakini tangu ulinigongea na mwiko, mimi huamka mapema hata kama hakuna kazi. Msasa napigisha kwa ubao tupu, ndio usikie nimeamka."

Anti alifumba macho. Alipofungua mdomo, alisema, "Niko na mtoto."

"Namjua mtoto wako. Ananichukia."

"Hakuchukii. Iko hivyo hasira yake, ni ya kwao. Lakini lazima aulizwe. Sina baba, kaka yangu alishakufa. Ni yeye niko naye. Akisema hapana ni hapana, na mimi sitakasirika. Nimezoea."

Hilo neno la mwisho lilinichoma. Alilisema kama mtu anayesema amezoea kupanda mlima.

Bati likagongwa, upande wangu sasa. "Binti. Umesikia?"

Hapo ndipo hasira ya kwetu iliponifaa kwa mara ya kwanza. Jambo kubwa namna hii halikuwa la kupitishiwa kwenye tundu la msumari. Nilitema pini. "Mimi sijaambiwa kitu!" nikapaza sauti. "Mtu akiwa na neno na mimi, aje mlangoni!"

Tukamsikia akiinuka. Tukamsikia akijikung'uta. Milango yote ya ploti ikafunguka kwa pamoja, kila mtu akiwa na sababu: huyu anamwaga maji, huyu anaanika tambara. Fundi akatokea mlangoni kwetu na vumbi lake la kila siku kwenye ndevu. Alitazama viatu vyangu. Nilidhani tutarudi kwenye habari za miti, lakini akaweka kiganja chake juu ya bati la mlango uliokuwa wazi, akalielekea hilo bati, na maneno yakamjia.

"Nimekuja kumuomba Anti yako kwako. Ndiyo hiyo."

"Utampeleka wapi?" nikamuuliza. "Kakamega?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza, ameshangaa kweli. Akanyoosha kidole kwenye mlango wake, uliokuwa hatua tatu kutoka aliposimama. "Hapa."

Watu wakacheka. Kijana wa bodaboda alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Muda wote huo akilini nilikuwa nimemsafirisha Anti kwa basi, na kumbe alikuwa haendi hata mwisho wa kijia. Lakini kitanda chake kingekuwa si changu, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mtu mzima mwenye cherehani yake. "Na mimi?"

"Wewe?" Fundi akafikiri, mkono bado juu ya bati. "Wewe nimekutengenezea kiti. Hicho unakalia kitakuvunja mgongo. Huwa nakisikia kila siku kikilia."

Ningemjibu nini mtu kama huyo? Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie, na yeye upande wa pili alikuwa anakihesabia kiti changu maumivu. Nilimtazama Anti. Alikuwa ameketi vile vile sakafuni, mgongo ukutani, ameshika ukingo wa sinia kwa mikono miwili, na hakuwa ananitazama, ili asinilazimishe. Nikasema, "Haya." Nilitaka kuongeza mengine, nikaishia kusema "Haya" mara ya pili.

Mama Mandazi alishika kifua. "Wacha!" akapiga kelele. "Kwani kumefanyika nini?" Na alipoambiwa, alipiga kigelegele ambacho nadhani kilivuka bwawa.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata. Tulikwenda bustanini kupiga picha, na mlinzi yule yule akamtambua Fundi akamwambia, "Mzee, leo mti usiguse." Anti alivaa gauni nililomshonea mwenyewe, na nitasema bila haya kwamba siku ile hakuna bibi harusi pale aliyempita, na walikuwepo waliokuja kwa magari ya maua. Kuhama kwake kulikuwa sherehe. Tulibeba godoro, sufuria na sanduku lake kwa nyimbo za kuaga, nyimbo ndefu ambazo huko nyumbani huimbwa kutoka kijiji hiki hadi kile, na kwa vile safari ilikuwa ya hatua tatu ilitubidi tusimame katikati ya kijia na mizigo kichwani mpaka wimbo uishe.

Wiki ya kwanza nililala vibaya. Kiti kipya hakikulia, chumba hakikuwa na mtu wa kunijibu chumvi iko wapi, na mimi ni mtu wa kuuliza. Kisha asubuhi moja, nikiwa bado nimejifunika, bati lilipigwa kwa mwiko.

"Umeamka?" Ilikuwa Anti. Nilisikia ndengu zikimwagwa kwenye sinia.

"Nimeamka."

"Na mbona sisikii cherehani?"

Nikasogea. Nikaweka mgongo kwenye bati, mahali alipokuwa akikaa yeye, na nikahisi joto la mgongo wake upande wa pili. Kama angekuwa mbele yangu singeweza. Ningemwuliza habari ya chai. Lakini sikuwa naona uso wake, na yeye hakuwa anauona wangu, na basi nikafahamu kilichomsibu Fundi kule bustanini.

"Anti. Ile ya yule mtu wa Kawangware. Nilisikia."

Nilimsikia akiweka sinia chini.

"Ulisikia nini?"

"Yote. Nilisikia alivyosema nirudishwe Kitui. Asante, Anti. Sikujua. Miaka hii yote nilikuwa nacheka na sijui. Asante."

Mafuta ya Mama Mandazi yalikuwa yameacha kulia tena, na redio ilikuwa imepunguzwa, lakini sikujali aliyesikia. Nilingoja. Nilimsikia Anti akipenga kamasi kwa ncha ya leso, polepole, kisha akasafisha koo.

"Yule mtu hangekuweza," akasema. "Ulikuwa unakula sana."